Maji Kwanza

(Maneno haya niliyasema mbele ya wainjilisti, viongozi wa vijana na kina mama wa kanisa huku Kilifi, wakati wa Kwaresima. Wengi walikwamishwa na mvua wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, isipokuwa pale umeme ulipopotea tukaimba tukingoja jenereta.)

Bwana asifiwe!

Bwana asifiwe tena.

Wazee wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Vijana mlio karibu na mlango, nawaona pia. Nyinyi ndio mtakaotoka wa kwanza chakula kikiiva, na leo ni pilau, nimeshainusa.

Aliyenialika alinipigia simu akaniambia, "Mama, umekuwa muuguzi miaka 31, umeona watu wakifa. Njoo utuambie tuwahubirie nini watu kuhusu kifo." Nikamjibu nitakuja, lakini nitaanza na tulichowahubiria mpaka sasa, maana hapo ndipo penye kidonda.

Swali la kwanza. Ni nani humu ndani atakufa? Inueni mikono.

Mnacheka. Nahesabu mikono kama ishirini, na humu tumepita mia. Sasa nyie wengine mna mpango gani?

Mnaona? Waebrania 9:27 tunaijua kwa moyo, mtoto wa Sunday School ataisema akiwa usingizini. Watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa, hukumu. Lakini sisi tunaihubiri tukiwa tumesimama upande ule wa jeneza, kana kwamba aya hiyo inamhusu aliyelala ndani na waliokaa chini ya turubai, na mwenye maikrofoni amepewa ruhusa. Hata maneno yetu yanakikwepa kifo. Hatusemi fulani amekufa. Tunasema ametangulia, ameitwa, amepumzika, ametuacha. Sina ugomvi na maneno hayo, ni adabu. Ila kuna neno moja nataka mlitazame vizuri, kwa sababu tunalitumia kila Jumamosi na hatulisikii tena. Marehemu.

Marehemu maana yake nini? Aliyerehemiwa. Aliyepewa rehema. Mswahili, awe Mwislamu au Mkristo, mtu wake akifa tu anampa jina hilo. Mlevi akifa ni marehemu. Aliyetudhulumu shamba akifa ni marehemu. Kabla mchungaji hajafika, kabla spika hazijafungwa, lugha yetu yenyewe imeshamwombea yule mtu rehema. Halafu sisi wainjilisti tunashika maikrofoni na kuanza kuiondoa.

Mwaka jana nilikwenda kwenye mazishi ya kijana wa bodaboda. Aligongwa usiku na lori. Mhubiri alikuwa mgeni, kijana, ana sauti. Akasema, "Huyu mlikuwa mnamwona stendi, Jumapili mlikuwa mnamwona stendi, je, sasa yuko wapi?" Akanyamaza ili tujibu wenyewe. Mama wa marehemu alikuwa amekaa kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kwenye jeneza, kanga ameivuta mpaka machoni. Kila mhubiri alipotamka moto, niliona ile kanga inatikisika. Mwisho akaita wanaotaka kuokoka. Wakaja kumi na mmoja. Jioni nikasikia wakisifu kwamba mazishi yale yalikuwa na matunda, roho kumi na moja. Hakuna aliyehesabu ya kumi na mbili, iliyokuwa imekaa kwenye mkeka. Mama yule hajarudi kanisani mpaka leo. Nimekwenda kwake mara tatu. Ananikaribisha, ananipa chai, anazungumza habari za mahindi.

Amina yenu imekuwa ndogo sana hapo.

Msidhani nasema hivi kwa kuwa mimi ni bora. Nilifanya kibaya zaidi, na leo nitakisema.

Nilikuwa nimemaliza mafunzo mwaka mmoja tu. Nilikuwa nimeokoka kwa moto, wenzangu wodini walinikimbia chumba cha chai. Usiku mmoja nikawa zamu peke yangu na msaidizi, na kitanda cha dirishani alikuwepo mwanamume wa miaka kama hamsini, ini limekwisha, tumbo limejaa maji. Mwenye macho alijua hafiki asubuhi. Nami nikajiambia, roho hii haipotei mikononi mwangu. Nikavuta stuli, nikafungua Biblia, nikaanza. Akasema, "Maji." Nikamwambia ndiyo, baba, maji ya uzima, na Yesu anakupa bure. Akasema tena, "Maji, binti." Nikaendelea. Nilimsomea yule mwizi wa msalabani, nikamwambia bado una nafasi, sema tu baada yangu. Akanitazama. Akasema ile sala yote baada yangu, neno kwa neno, haraka haraka, kama mtu anayelipa nauli ili makanga amwache. Nikafurahi. Nikainuka kwenda kuandika kwenye daftari langu jina lake na tarehe. Niliporudi na kikombe alikuwa ameshakata roho.

Wauguzi waliomo humu wanajua. Mgonjwa wa namna ile huhitaji vijiko viwili tu vya maji, au pamba iliyoloweshwa umpitishie midomoni. Dakika moja. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na mimi nilikuwa natazama ukurasa.

Je, Mungu aliisikia ile sala? Sijui kwa nini asiisikie, Yeye ni mwema kuliko mimi. Lakini najua nilichokuwa nafanya mimi. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kile kifo, nikakifunika kwa maneno. Wahubiri wengi wanaopiga kelele juu ya jeneza nawaelewa kwa sababu hiyo, kelele ile naijua inatoka wapi. Kwa hiyo kama mtasahau yote, mkumbuke hili moja: usimhubirie mtu kifo chake kabla hujakaa na chako. Nasema tena. Usimhubirie mtu kifo chake kabla hujakaa na chako.

Sasa niwapeleke Mombasa. Wangapi wamevuka daraja la Nyali? Wengi. Basi mmepita karibu na kaburi la mwanamke aitwaye Rosina.

Mumewe alikuwa Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, ametumwa na chama cha wamisionari cha Uingereza, CMS. Walifika Mombasa Mei 1844, na Rosina ni mjamzito. Njiani kabla ya kufika huku walishazika mtoto mmoja, wakamwita Eneba, neno la Kihabeshi lenye maana ya chozi. Julai akajifungua msichana, na homa ikamshika. Tarehe 13 Julai akafa. Mumewe alikuwa kitandani na homa ile ile, hana nguvu, na anaeleza mwenyewe kwamba aliinuka kwa taabu kubwa ili tu ahakikishe kama kweli mkewe amekata roho. Siku chache baadaye akazika na mtoto.

Sasa sikilizeni alichoomba yule mwanamke kabla ya kufa. Aliomba asizikwe kisiwani. Azikwe ng'ambo, bara, mahali watu wa bara wanapopita kwenda mjini na kurudi, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao kilichomleta yeye na mumewe. Amekaa nchini miezi miwili. Lugha haijui. Hajahubiri hata mkutano mmoja. Anaona kwamba mwili wake ndio kitu pekee alichobakiwa nacho cha kutoa, na anachagua mahali pa kuuweka.

Naye Krapf akawaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba sasa kuna kaburi moja la mtu wao pwani ya Afrika Mashariki, na hiyo ni dalili kwamba saa ya kuanza imefika, kwa kuwa ushindi wa kanisa hupatikana kwa kukanyaga juu ya makaburi ya watu wake. Mtu ana homa, amezika mke na mtoto, anaandika hivyo! Mimi ningeandika kuomba nauli ya kurudi.

Naomba mnielewe, siwapambi. Krapf aliandika mambo kuhusu babu zetu ambayo ukiyasoma leo unakunja uso, na hata hilo jina Wanyika alilowaita, wenyewe hawakulipenda. Alikuwa mtu wa zamani zake. Lakini juu ya kifo ana haki ya kusema, kwa sababu alikuwa amekaa nacho chumba kimoja.

Mwaka 1846 akapata mwenzake, Johannes Rebmann. Agosti ile wakapanda kwenda Rabai kuanza kazi, wote wawili wana homa, punda ni mmoja. Mmoja anapanda, mwingine anatembea, wakibadilishana. Ndivyo uinjilisti wa Kenya ulivyoanza, ndugu zangu: wagonjwa wawili na punda mmoja. Wakafika, wakajenga, wakahubiri. Ukapita mwaka. Ukapita mwingine. Hakuna aliyebatizwa. Na alipopatikana wa kwanza, alikuwa nani? Mzee wa kaya? Tajiri wa ng'ombe? Alikuwa mtu mmoja mlemavu, jina lake Mringe, na alibatizwa akiwa kwenye kitanda cha mauti.

Fikirini mngekuwa nyinyi mnajaza ripoti ya robo mwaka. Walioamini: mmoja. Anahudhuria? Amekufa.

Lakini kabla ya ubatizo ule kulikuwa na mazungumzo. Mringe alikuwa akija na kukaa nao, wakizungumza mpaka usiku. Hakuna aliyemkimbiza. Rebmann naye alikaa pwani hii kutoka 1846 mpaka 1875, miaka 29, akaondoka kipofu. Na Krapf walimkuta amekufa kwao Ujerumani mwaka 1881, amepiga magoti kando ya kitanda.

Nafika sasa mahali ambapo najua wengine mngependa nipapite haraka. Shakahola.

Ni kaunti yetu hii hii. Aprili 2023 yalianza kufukuliwa makaburi ndani ya ule msitu, na kufikia miezi michache miili ikapita 400. Wengi walikufa kwa njaa, wakiamini kwamba kufunga kutawafikisha kwa Yesu, na watoto walikuwemo. Kesi iko mahakamani na mimi si hakimu, simtaji wala simhukumu mtu. Nazungumza na sisi tulio humu. Tunapenda kusema wale walidanganywa na mtu mmoja. Sawa. Lakini waliingia msituni wakiwa na Biblia, na wengi walipitia makanisani mwetu kwanza. Walitusikia. Walisikia nini kwetu?

Walisikia dunia hii ni takataka. Walisikia mwili ni gunia tu. Walisikia kila Jumapili kwamba mwisho umefika, umefika, umefika, kaeni tayari kuondoka. Ukimwambia mtu miaka kumi kwamba amebeba gunia la takataka, siku akilitua usimwulize kwa nini.

Kuna injili inayokitumia kifo kama fimbo, hiyo nimeisema. Na kuna inayokitamani kifo kama mlango wa kutorokea. Hizi mbili ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Zote haziwezi kukaa na mtu anayekufa. Moja inamkemea, nyingine inamharakisha.

Paulo je? Amefungwa, hajui kesho, anawaandikia Wafilipi kwamba kwake kuishi ni Kristo na kufa ni faida. Tunaishia hapo, tunapiga makofi. Soma chini kidogo, aya ya 24! Anasema kudumu katika mwili kunahitajika zaidi, kwa ajili yenu. Mtu yuko tayari kwenda, na bado anataka kubaki kwa sababu kuna watu wanamhitaji. Na Bwana mwenyewe pale kaburini kwa Lazaro, anajua baada ya muda mfupi tu rafiki yake atatoka, lakini alifanya nini kwanza? Alilia.

Na yule binti wa Yairo, wa miaka kumi na miwili. Yesu anamshika mkono, binti anaamka, watu wanashangaa mshangao mkubwa. Mimi ningekuwa pale ningetaka wimbo, ningetaka ushuhuda. Marko 5 mwishoni, neno la mwisho la Yesu baada ya muujiza ule ni lipi? Apewe chakula.

Apewe chakula! Niliisoma aya hiyo nikiwa na umri wa miaka hamsini na kitu nikafunga kitabu, kwa sababu ya yule mwanamume wa dirishani.

(Hapa ndipo umeme ulipokwenda.)

Haya, tumerudi. Niwaambie habari ya aliyenifundisha. Hakuwa mchungaji. Alikuwa bibi muuza mahamri, saratani ya kizazi, imeshaenea. Daktari alimweleza ukweli, naye akauliza, "Wiki ngapi?" Akajibiwa labda tatu. Akaniita. Akaniambia, "Mwanangu, nina shilingi hamsini chini ya mto. Ninunulie daftari la kurasa 32, na kalamu inayoandika."

Nikanunua. Yeye mkono ulikuwa umelegea, kwa hiyo nikawa namwandikia mimi kila nikimaliza zamu. Ukurasa wa kwanza: watu ninaowadai. Akavitaja vijina kumi hivi, halafu akasema, "Sasa piga mstari. Wote. Waachie." Ukurasa wa pili: watu wanaonidai. Muuza samaki, 340. Duka la kona, unga kilo mbili. Fundi aliyetengeneza mlango, mia mbili, na akasema niandike kwamba mlango wenyewe haufungi vizuri lakini mpeni. Ukurasa wa tatu akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Jirani yangu wa nyuma. Tuligombana juu ya mbuzi, miaka mingi. Andika: mbuzi alikuwa wake."

Nikaandika. Mbuzi alikuwa wake.

Yule jirani alipata habari akaja. Naye ni mzee. Hakusema lolote juu ya mbuzi. Alikaa mwisho wa kitanda pale miguuni, akatoa mafuta ya nazi kwenye kichupa, akaanza kumkanda nyayo. Wakakaa hivyo mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha, na mimi nikajifanya sikuisikia kengele. Bibi akaniambia, "Sasa nisomee." Nikamuuliza, nisome wapi? Akasema, "Pale pa kuhesabu siku." Zaburi ya 90. Na kabla sijafungua, nilifanya nini? Nilimpa maji. Vijiko viwili.

Kitanda cha pili kulikuwa na msichana, miaka ishirini na kitu, ugonjwa mzito, siku ya tano amegeukia ukuta hataki kusemeshwa. Wainjilisti walishampitia, wakampa trakti, vile vijikaratasi vya injili, akaziweka chini ya bakuli. Usiku ule bibi alipokuwa amelala, nikasikia sauti kutoka ukutani. "Dada." Nikamwendea. Akaniuliza, "Daftari kama hilo linauzwa wapi?"

Nilichomjibu na kilichofuata ni mambo yake, siyatangazi. Lakini naomba mtazame nani alihubiri wodini mle. Bibi yule hakumwambia yule msichana neno hata moja. Alikufa wiki iliyofuata, Jumanne, kabla ya adhana ya alfajiri, pumzi zikipishana, ndefu, fupi, kimya, ndefu, mkono wake uko kwenye mkono wangu. Nami, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, sikuwa na haraka ya kusema kitu.

Mimi na mwanawe tulizunguka na lile daftari kulipa. Fundi alikataa pesa, akarudi na randa akaurekebisha mlango.

Sasa tunamaliza, lakini hatuondoki. Chini ya viti vyenu kuna karatasi. Wengi mlidhani ni ya nyimbo. Kwa sheria yetu ya urithi, Sura ya 160, wosia wa mdomo unakubaliwa ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji afe ndani ya miezi mitatu. Akiishi zaidi ya hapo, umekufa wosia. Kwa hiyo wosia wa mali utauandika nyumbani, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi hao wasiwe warithi. Nimeona wajane wengi wakitolewa nyumbani kwa sababu mume aliyehubiri uzima wa milele aliona haya kuandika mistari minne.

Karatasi ya leo ni ya daftari la bibi. Upande mmoja, unaowadai. Upande wa pili, wanaokudai, na kama kuna mbuzi, mwandike. Usiandike kwa ajili ya kusoma mbele, hakuna atakayesoma. Wachungaji pia, tafadhali, nawaona mnapakia Biblia.

Tuna dakika kumi na tano na pilau haiendi popote. Kalamu zinazunguka kutoka upande wa dirisha. Zikipungua, azima kwa jirani yako, na hilo nalo ni deni, liandike.